Siku Mwamvua Alipomnyima Idarusi Shikamoo

Haya alinisimulia shoga yangu Mwamvua mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena, tumekaa uani kwake twapaa samaki. Alisema, siku hizi betri zimejaa tele, lakini watu hawana la kuambiana.

Enzi za foleni betri ilikuwa mali. Mto Zigi ulikuwa na walinzi watatu wa maji, kila mmoja na mti wake wa kupimia na simu yake ya upepo. Juu, upande wa Amani, alikuwako Lea. Katikati, Mwamvua. Chini, kwenye mabonde ya mpunga, mzee Idarusi. Walikubaliana: asiitwe mtu wa mbali, maana kuita mbali kwala betri, kila mmoja amwambie jirani, naye jirani ampe wa mbele. Na maji yakiwa salama, kimya.

Kimya hicho Idarusi hakukiweza. Kila asubuhi lazima aite.

"Mwamvua! Mbona hunisalimu, mwanangu? Umekula kiapo?"

"Shikamoo, baba. Betri, baba."

"Marahaba. Betri ndiyo iliyokuzaa? Mumeo hajambo? Kuku je, wataga?"

Mwamvua hucheka, akajibu yote, mpaka la kuku. Angemnyimaje mtu mzima salamu? Kisha huzianika betri juani, akaziuma kwa meno, zikapata roho kidogo.

Masika moja, adhuhuri, sauti ya Lea ikaingia: "Dada, maji yamepita alama nyekundu! Yaja huko kwa nguvu!"

Mwamvua akaivamia simu. Binti yake Zuleha alikuwa bondeni kwa Idarusi, akipandikiza mpunga na wenzake. Na jua halikuonekana wiki nzima. Taa ya simu yapepesa kama jicho la mgonjwa. Yamebaki maneno mangapi? Matatu? Akabonyeza.

"Watoe watu bondeni!"

Taa ikazimika. Hakujua kama yamefika. Akasimama mlangoni, akilaani kila yai aliloliongelea asubuhi zote zile.

Alasiri Zuleha akatokea njiani, tope mpaka kiunoni, anatweta na kucheka.

"Mama, babu Idarusi katufukuza kama kunguru! Kasikia neno moja tu, 'watoe', simu ikafa. Twamwambia, babu, huku hata mvua hakuna, watutoa kwa nini? Akapiga kelele, 'Mwamvua anisemeshe bila shikamoo? Huyo kaona kifo! Pandeni mlimani!' Hatujafika kilimani, bonde limekuwa bahari."

"Na mpunga?"

"Umekwenda wote."

"Na uende, mwanangu. Na uende."

Akamwogesha kwa maji ya moto, akampa uji wa muhogo, usio na sukari, maana sukari yenyewe ilikuwa hadithi. Jua halijachwa, Zuleha kalala, kijiko kingali mkononi. Mama akakichomoa polepole, akaketi ukingoni mwa kitanda akizisikiliza pumzi zake, akimtoa tope kwenye kucha, moja moja. Akasema ajinyooshe kidogo tu, mgongo upoe. Usingizi ukamchukua hapo hapo, na kanga yake mbichi mwilini.