Mama Mkwe Nyuma ya Pikipiki

Mkwe hamgusi mama wa mkewe. Kwa watu wa ukoo wao hilo halikuwa na mjadala. Hata kikombe cha maji hapewi mkononi, kinawekwa chini, naye anakiokota. Sasa mama huyo huyo umpakie kwenye pikipiki kutoka Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mpaka kisiwa cha Bugala katikati ya ziwa la Viktoria.

Grégoire hakuwa na njia nyingine. Mkewe Chantal alikuwa amemwacha na kwenda kwa kaka yake Patient, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya michikichi huko kisiwani. Na alikuwa na haki ya kumwacha. Mimba ya pili ilipoharibika, Grégoire alisimama kati ya maduka ya Misiera, hapo hapo kambini, pombe kichwani, akatangaza kwamba ameoa shamba la mawe. Watu walicheka. Chantal alikuwa nyuma yao, amebeba mkaa.

Alipomwendea Mama Eugénie, mama wa Chantal, kumwomba amsindikize, hakuulizwa kitu. Mama alileta gunia la unga wa muhogo, akalisimamisha katikati ya kiti cha pikipiki, akapanda nyuma yake.

"Huu ni ukuta," alisema. "Twende."

Mbarara, pale Nyamityobora, vijana wa bodaboda waliwaona, wakacheka.

"Mzee, unapeleka unga ama unapeleka mama?"

"Anapeleka unga," Mama alijibu mwenyewe. "Mimi ninausindikiza."

Walipita Masaka, wakashuka kivukoni, wakavuka. Kisiwani barabara nyekundu ilifuata maji. Upande mmoja michikichi, upande wa pili ziwa likionekana na kupotea nyuma ya miti mikubwa, na tumbili wakikatiza njia bila haraka. Grégoire hakuona hata kimoja. Alikuwa akipanga jinsi atakavyokaa kimya huku Mama akimwombea msamaha.

Kwenye mteremko wa mchanga pikipiki iliyumba. Gunia likachomoka, likapasukia njiani. Mama akamkamata mkwewe kiunoni kwa mikono miwili mpaka wakasimama. Kisha akamwachia polepole, kama mtu anayeweka yai chini.

"Hakuna aliyeona," Grégoire alisema.

"Mungu ameona. Atanyamaza."

Mama akateremka ufukweni, akanawa uso, akakaa juu ya jiwe. Grégoire alisimama mbali kidogo, kwa heshima.

"Kwetu kisiwani Idjwi barabara ilikuwa hivi," Mama alisema. "Maji huku, migomba huku. Tangu tukimbie mwaka wa tisini na sita sijakanyaga kisiwa. Aksanti kunileta."

Grégoire akapata moyo. "Basi Mama, tukifika, utamwambia Chantal..."

"Sitamwambia kitu. Nimekuja kuona mutoto wangu. Kinywa kilichomutukana kiko wapi? Si unacho?"

Njia iliyobaki Mama alishikilia chuma cha nyuma. Sasa Grégoire aliiona barabara, kwa sababu hakutaka iishe. Kila kona ya ziwa aliomba kuwe na nyingine.

Walimkuta Chantal nje kwa Patient, anachambua ngazi, matunda ya michikichi. Alimkumbatia mama yake. Grégoire alisalimiwa kama mteja.

Hakusubiri kiti. "Nilikutukana, Chantal. Nilisema uongo. Wewe si shamba, na mawe yalikuwa kichwani mwangu."

Patient aliangalia vidole vya miguu yake.

"Umesema muzuri," Chantal alijibu. "Lakini hapa wanaosikia ni Mama na Patient, nao hawakucheka. Wale waliocheka wako Misiera."

"Nitasema Misiera."

"Na pombe?"

"Bila pombe. Mchana, watu wakiwa mingi."

Chantal alimgeukia mama yake. Mama alikuwa ameshavua viatu.

"Usiniangalie," Mama alisema. "Mimi ninabaki hapa mpaka nichoke na maji. Kwenye piki kuna fasi."

Asubuhi Chantal alifunga mzigo wake akapanda.

"Usifikiri nimerudi," alimwambia mumewe. "Ninaenda kusikiliza. Nikishasikia ndipo nitajua kama nimerudi ao nimetembea tu."

Grégoire alisema sawa. Akawasha pikipiki, akashika njia ya kando ya ziwa, na safari hii hakukimbia.