Ngoma ya Kuondokea

Haya aliyasimulia Tatu binti Mfaume, mwaka wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, tukiwa kwenye foleni ya duka la ushirika pale Tabora, yeye amekalia debe lake tupu. Alikuwa amepakana ua na Batuli, kwa hiyo mengine aliyaona kwa macho yake, na mengine aliambiwa na Batuli mwenyewe juu ya ua wa mabua. Foleni ilikuwa ndefu, akasimulia taratibu.

Jua likianza kushuka, Batuli alikuwa na kazi moja isiyongoja. Alinyunyizia maji uani ili vumbi litulie, akamwita Tatu wakakitoa nje kitanda cha mninga, maana kilikuwa kizito, wakakiweka karibu na lango panapopita upepo. Akatandika shuka, akapanga mito ya sufi ikipanda kuelekea kichwani. Mumewe, Fundi Shomari, alikuwa seremala, na miaka yote ya kupasua mbao ilikuwa imemwachia vumbi la mninga kifuani. Usiku kikohozi kilimkalisha kitako mpaka alfajiri. Usingizi wake ulikuwa mmoja tu, ule wa baada ya kusali magharibi mpaka adhana ya isha.

Mganga wa zahanati alimwita Batuli pembeni akamwambia kwa sauti ya chini kwamba dawa peke yake haitoshi. Fundi akiupoteza na huo usingizi kidogo alionao, mvua za mwaka ule hatazifikia.

Basi Batuli akaulinda usingizi ule. Kuku aliwafungia mapema. Majirani aliwaomba watwange kabla jua halijatua, nao wakakubali. Apolinaria, Mkatoliki wa nyumba ya pili, alikuwa akikusanya wenzake kusali rozari jioni. Wakaanza kuisali kwa kunong'ona, na Mungu hakulalamika.

Tatizo lilikuwa klabu.

Mtaa wao ulikuwa nyuma ya stesheni, mahali ambapo zamani za misafara wapagazi walipiga kambi wakitoka pwani au wakienda Ujiji. Waliofia hapo walizikwa hapo hapo bila alama, nyumba zikaja kujengwa juu yao. Kila mtu alilijua hilo. Ukichimba choo, unaokota shanga. Kwenye kiwanja kilichobaki wazi ndipo ilipojengwa Klabu ya Burudani na Maendeleo, baada ya Azimio, kwa nguvu za wananchi. Batuli naye alibeba matofali. Waliambiwa patakuwa mahali pa kusomea magazeti na akina mama kujifunza cherehani. Magazeti yakasomwa kwa muda. Kisha zikaja meza za bia, kikaja kipaza sauti, ikaja bendi, na cherehani ikawa inawekewa glasi.

Wazee wa msikiti walikuwa wa kwanza kwenda kulalamika. Katibu wa klabu, Bwana Yoramu, alikuwa mtu wa sauti laini na shati lililopigwa pasi, na hakumkatalia mtu kwa ukali. Akakubali bendi inyamaze kila adhana ikilia. Zaidi ya hapo, akasema, mambo yatazamwe kwa mapana. Yeye mwenyewe alikuwa akiishi upande wa pili wa mji, kwenye nyumba zenye ua wa michongoma, ambako jioni husikii hata mbwa.

Shomari akaanza kulala na pamba masikioni. Alilala vipande vipande, kama mtu anayesinzia kwenye treni. Akakonda.

Halafu bendi ikapata mpiga ngoma mpya, kijana wa Nzega aitwaye Masele. Alikuja na ngoma ya babu yake na mdundo mmoja ambao ukiusikia miguu yako haikuulizi. Jioni ya kwanza aliyoupiga, wapagazi wakaamka.

Walitoka ardhini kando ya ukuta wa klabu, wengine upande wa kisimani, wakijikung'uta udongo kwenye kaniki zao. Mbele yao alisimama kirangozi, yule anayeutangulia msafara, mzee mwenye manyoya ya mbuni kichwani na kengele mguuni. Wakapanga mstari. Tatu alikuwa anachambua mchicha. Akavuta beseni lake wasilikanyage. Wakamsalimu kwa Kinyamwezi, mwadila, akaitika.

Mdundo ule ulikuwa ngoma ya kuondokea. Zamani ulipigwa kambini kuwaambia wapagazi wajitwike, na mpagazi akiusikia hujitwika. Sasa mizigo yao ya pembe na vitambaa haikuwepo tena. Wakatazama huku na huku, wakachukua kilichokuwepo. Mmoja alichukua kinu cha Apolinaria, mwingine gunia la mkaa. Mmoja alichukua baiskeli ya Katibu iliyokuwa imeegemezwa nje ya klabu, akaiweka kichwani na magurudumu yake. Wanne wakaingia kwa Batuli, wakainama, wakakiinua kitanda cha mninga na Fundi Shomari juu yake.

Batuli alikuwa bado kwenye msala. Alipotoa salamu ya kulia, kitanda kilikuwa kinapita langoni. Alipotoa ya kushoto, hakikuwepo.

Akatoka mpaka njiani. Mstari ulikuwa umeshika njia ya Urambo, kengele ya kirangozi ikilia mbele, na kitanda kilionekana kikipanda na kushuka mabegani kama mtumbwi. Batuli akarudi akachochea uji, maana Fundi hurudi ana njaa akitoka popote.

Adhana ya isha ilipolia bendi ikanyamaza, na wapagazi wakawa wamerudi. Mpagazi haachi mzigo njiani. Hiyo ilikuwa sheria yao, nao waliishika. Ila hawakukumbuka vizuri nyumba. Kinu cha Apolinaria kilikutwa kwa mwalimu wa madrasa, na Katibu aliifuata baiskeli yake kwenye banda la mbuzi. Kitanda kiliwekwa pale pale kilipotolewa. Shomari alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, na shuka zilinuka tumbaku ikikaushwa.

"Nadhani tulifika Urambo," alisema asubuhi. "Wanabeba vizuri. Wanajua kubadilishana bega bila kumtikisa mtu."

"Ukapigwa na baridi?"

"Sikumbuki. Nililala."

Batuli hakufurahi. Wale watu walikuwa wamezoea kwenda mbali, na jioni moja adhana ingeweza kuwakuta Ujiji, wakaja nayo baiskeli wakasahau mume. Siku iliyofuata akamlaza ndani na kufunga mlango. Wapagazi hawakubisha hodi, walikuwa watu wenye adabu. Lakini ngoma ilipita ukutani ikamkaa Shomari kifuani, hakufumba jicho, na alfajiri akatema damu kidogo kwenye kitambaa. Batuli akakitoa kitanda nje tena.

Ikawa hivyo kila jioni. Shomari alibebwa, na akibebwa alilala. Mashavu yakaanza kurudi.

Wengine walichoka. Mtu unatafuta sufuria upike, sufuria imekwenda Urambo. Mkutano ukaitishwa pale klabuni, Jumapili mchana, na watu wakakaa kwenye viti vya bia. Walisema mengi, na Batuli akasema yake, kwamba klabu ihame au bendi iache ile ngoma. Bwana Yoramu akasikiliza, mikono ameikunja, mpaka wote wakamaliza.

"Ndugu zangu," akasema, "burudani ni haki ya mfanyakazi. Hatuwezi kumnyima aliye hai kwa ajili ya marehemu."

"Hao marehemu ndio wanaofanya kazi, Katibu," akasema Apolinaria. "Wewe umekaa."

Watu wakacheka, na Yoramu naye akacheka. Kisha akamgeukia Batuli kwa upole kabisa.

"Mama Maua, tuambie ukweli. Fundi analalaje siku hizi?"

Mkutano mzima ukamtazama Batuli. Alikuwa mwanamke wa kusema kweli, na hapo ndipo alipokwama.

"Akibebwa, analala."

"Basi tazameni," akasema Yoramu. "Klabu imemtibu."

Ikapitishwa kwa kuinua mikono kwamba kila nyumba iweke mzigo mmoja nje jioni, mwepesi, ili wapagazi wasihangaike kutafuta na vyombo vya watu visipotee. Yoramu akasema huo ndio ujamaa wenyewe, kila mmoja na mchango wake. Mkono wa Batuli ulibaki mapajani. Njiani kurudi Apolinaria akamwambia, "Ukimsikia anavyoongea, utadhani kitanda alikibeba yeye."

Siku chache baadaye, saa za asubuhi, Batuli alikwenda nyuma ya klabu akamkuta Masele ameianika ngoma juani. Kijana akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii ngoma ulifundishwa na nani?"

Masele akasema ni babu yake mzaa baba, aliyekuwa mpagazi tangu hajaota ndevu. Batuli akaguswa na jambo hilo. Akaketi juu ya kreti.

"Basi nipigie ile ya kutua," akasema. "Ya kuwaambia wamefika, watue mizigo wakalale. Mimi Fundi wangu nitamtafutia dawa nyingine. Hawa watu wamechoka. Wakishusha kitanda naona wanavyohema."

Masele akaipapasa ngozi ya ngoma kwa vidole, akifikiri.

"Sikufundishwa, mama. Babu alinifundisha ya kuondokea tu. Nilimuuliza siku moja, ya kufika ni ipi? Akasema wakifika, wenye mali walikuwa wanapiga bunduki kujitangaza. Ya mpagazi hakuwahi kuisikia."

"Itunge."

"Nitajaribu."

Na kweli alijaribu, si kijana mbaya. Jioni ile akaanza taratibu, mdundo wa chini, kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni. Wapagazi wakaja, wakapanga mstari, wakasikiliza kwa heshima. Hawakuielewa. Waliangaliana, mmoja akauliza jirani yake, jirani akatingisha kichwa. Kirangozi alisimama ameinamisha sikio upande wa klabu, na Tatu anasema uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetafuta jina lililo karibu sana na ulimi. Huko ndani watu wakaacha kucheza. Wakaanza kupiga meza wakitaka ngoma yao. Yoramu akamtazama Masele, akamwashiria kidogo kwa kichwa. Masele akarudi kwenye ile ya kuondokea, na wapagazi wakainama wakajitwika.

Tangu hapo Batuli akawa anaweka mtungi wa maji langoni na kata juu yake. Adhana ya isha ikilia, wakishusha kitanda, kirangozi alikuja kunywa. Kila mara aliuliza lile lile, kwa adabu, kama mgeni anayeuliza njia.

"Mama, tumefika?"

Batuli alimtazama mumewe kwanza, kifua kinavyopanda na kushuka bila kukwama. Alijua ngoma ikikoma na usingizi ule utakoma. Kisha akajibu kweli.

"Mmefika, baba. Hapa ni Tabora. Mmefika siku nyingi."

"Tunashukuru."

Akageuka akawapa wenzake habari, ikapita kwenye mstari mdomo kwa mdomo mpaka wa mwisho. Wakaanza kuchuchumaa. Mmoja alikuwa ameshanyoosha mguu. Adhana ikaisha, na ngoma ikalia, na wote wakasimama.

"Labda ni mbele kidogo," akasema kirangozi, kama anayeomba radhi.

Mvua za mwaka ule zilikuja, Shomari akaziona, akaona na za mwaka uliofuata. Akarudi karakanani akawa anapiga randa nusu siku. Mvua ikinyesha wapagazi walimfunika kwa turubai, wao wakalowa. Klabu ikapakwa rangi mpya kwa sherehe za Saba Saba, na wageni walipokuja Yoramu aliwaleta mpaka langoni kwa Batuli wakakione kitanda, akawaeleza habari za afya za mtaa. Batuli aliwakaribisha chai.

Lakini kila Jumapili alivaa kanga yake safi akaenda klabuni kuomba ngoma ikome. Mwanzoni walimsikiliza. Baadaye wakawa wanamwambia Katibu hayupo, na Katibu anaonekana dirishani. Hawakumwelewa tena. Mwenye mgonjwa anakataa tiba ya mgonjwa wake? Hata Shomari alimwambia aache. Tatu naye alimuuliza siku moja juu ya ua wa mabua, kwa nini anajisumbua, na mumewe anakoroma vizuri namna ile.

"Na wale ni waume za watu," akasema Batuli, akaendelea kupepeta.

Jioni hiyo ilikwenda kama nyingine. Kitanda kilirudi, mtungi ukanywewa, swali likaulizwa na kujibiwa. Ngoma ilipoanza tena, Batuli na Tatu walikuwa wameshakiingiza kitanda ndani. Langoni aliweka mzigo wa nyumba yake, mto mmoja wa sufi, kwa sababu hakuwa na kitu chepesi zaidi. Mpagazi wa mwisho kwenye mstari aliuinua kwa mikono miwili, akaupandisha kichwani, shingo ikakaza.

Apolinaria alimaliza rozari yake akafunga dirisha. Tatu akazima koroboi. Shomari alikuwa anakoroma tangu Urambo. Batuli alitandika mkeka sakafuni kando ya kitanda, akalala ubavu, akaisikiliza kengele ya mguuni ikishika njia, ikapita stesheni, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi. Akavuta kanga mpaka shingoni. Akalala.