Picha Imetoka Safi

Kaka yangu Bedan alikuwa profesa wa kwanza kutoka laini yetu ya nyumba mtaani Bahati, na hakuna jirani aliyejua ni profesa wa nini. Kazi yake ilikuwa ng'ambo, kuunda mashine za kupiga picha ubongo wa mtu akiwa hai, bila kumpasua. Mimi nachinja mbuzi kwenye machinjio ya Kiamaiko. Ubongo nauona kila asubuhi, ila mwenyewe huwa hana haraka tena. "Tuko kazi moja," nilizoea kumtania.

Mwaka wa themanini na saba mashine moja ya aina hiyo ikaletwa hospitali fulani hapa mjini, naye Bedan akaja kuifunga na kuiwasha. Mama alikuwa anaumwa na kichwa tangu mvua ya masika, na jicho la kushoto lilikuwa limeanza kufifia. Hospitali alikuwa amezikataa zote.

"Nangoja mtoto wangu," alisema. "Anipige picha nipone."

Kwetu ndivyo tulivyojua: ukishapigwa picha hospitalini, umetibiwa. Kinachobaki ni vidonge tu.

Siku yenyewe Bedan alimlaza mama kwenye mashine, akaja kusimama nami nyuma ya kioo. Picha ikaanza kujitokeza polepole. Nilimwona kaka yangu akisahau kabisa kichwa kile ni cha nani. Maisha yake yote alikuwa ametafuta picha kama hiyo.

"Safi!" akasema kwa nguvu. "Imetoka safi kabisa!"

Kumbe kipaza sauti kilikuwa wazi. Mama akajibu kutoka huko ndani, "Bwana asifiwe!"

Mimi sikungoja maelezo. Nilimrudisha mama nyumbani, yeye akiwa ameikumbatia nakala ya picha yake kama mtoto mchanga, nikakimbia Kiamaiko kuchagua beberu. Kufikia jioni nyumba ilijaa. Mama alikuwa ameibandika picha kwenye kioo cha dirisha, mwanga upite vizuri.

"Mama Bedan, umetoka vizuri," akasema jirani yetu Khavere. "Profesa akija anipige na mimi moja. Ya kichwa na mabega."

Bedan alifika nyama ikiwa motoni. Akanivuta hadi kwenye mfereji wa maji wa nje.

"Wanyoike, nani amekwambia uchinje?"

"Si wewe? Ulisema safi."

"Nilisema picha! Picha ndiyo safi. Uvimbe unaonekana wote, hadi mipaka yake."

"Basi utolewe."

"Nimetoka kwa daktari wa upasuaji sasa hivi. Pale ulipo, kisu hakifiki bila kumuua."

"Na kule kwenu ng'ambo?"

"Nimewapigia simu. Wamesema hivyo hivyo."

"Sasa hiyo mashine yako ni ya nini, bwana?"

"Ya kuona," akasema. "Ya kuona tu."

Utani sikosi, hata matangani hufukuzwa kwa sababu hiyo. Siku hiyo nilifungua mfereji nikanawa mikono ambayo nilikuwa nimeshanawa.

Tuliporudi ndani, mama alikuwa amesimama dirishani, jicho lake zima karibu na picha.

"Daktari wangu, hebu njoo. Hiki cheupe hapa ni nini?"

Bedan akasogea dirishani.

"Ndicho kinachoniuma?"

"Ndicho, mama."

"Na wewe huwezi kukitoa."

"Mimi napiga picha tu, mama."

"Miaka yote hiyo!" Akacheka, akimshika shavu. "Kumbe ni kazi ya Matheka wa studio ya sokoni, na yeye hata hakupanda ndege."

Khavere peke yake ndiye aliyecheka. Bedan akanyoosha mkono aibandue ile picha, mama akaushika.

"Iache. Si umesema mwenyewe imetoka safi?" Akanigeukia. "Wanyoike, mkatie kaka yako ini. Amekonda."

Nikamkatia. Lilipoa mkononi mwake.