Shekha Haitiki

Mambrui ukiitwa unaitika. Mwanamume huitika naam, mwanamke abee, hata kama mikono imejaa unga na anayekuita ni mtu ambaye umbea wake umekuchosha. Mtoto asiyeitika husemwa hakulelewa. Kwa hiyo Shekha alipoacha kuitika, mwaka ule wa mahindi ya manjano ya msaada, mtaa mzima ulijua kabla ya adhuhuri, na kila mtu akawa na sababu yake mkononi. Wengine walisema amefanya kiburi kwa kuwa mumewe Stambuli amepata kazi ya jikoni katika hoteli kule Kikambala. Wengine, wenye huruma kidogo, walisema masikio yamemziba.

Masikio yake yalikuwa mazima. Taabu ni kwamba yalisikia hata yasiyotakiwa.

Kila alasiri, mwadhini akishamaliza, sauti ya mamake ilitoka chumba cha ndani: "Shekha!" Na mamake, Bi Nana, alikuwa kaburini tangu mfungo mosi, mwezi wa Idi.

Shekha alimuuguza peke yake mwaka na zaidi. Bi Nana alikuwa amepooza upande mmoja, lakini ulimi ulibaki, na ulimi ule ulijua jina moja tu. Shekha! Mto umeteleza. Shekha! Nzi. Shekha! Na Shekha akifika mbio, mikono inachuruzika maji ya mchele, mama alimtazama kwa jicho lake zima akasema, "Basi tu. Nilitaka kujua upo." Kuuguza kuna thawabu, kila mtu alimwambia hivyo. Hakuna aliyemwambia kuwa kuna na hasira. Siku ya mwisho alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka jikoni, mgongo unamwuma, akasikia anaitwa. Akanyamaza. Akaitwa tena, akafumba macho kama mtoto anayejifanya amelala. Alipoinuka kwenda, Bi Nana alikuwa ameshakata roho. Hilo la mkeka hakumwambia mtu.

Habari ya sauti alimwambia wifi yake, Somoe. Somoe akaacha kuchambua mchele.

"Wewe! Usije ukaitika! Maiti akikuita ukaitika, ushakubali. Atakuchukua, na huyu Batuli utamwachia nani?"

Batuli alikuwa mwanawe wa pekee, wa miaka sita. Somoe hakuwa na nia mbaya, tusimwonee. Yeye ndiye aliyempeleka Shekha kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaandikiwa kombe, aya kwa wino wa zafarani, akalinywa mpaka ulimi ukawa rangi ya biriani. Alipata nafuu siku kadhaa. Kisha alasiri moja akaitwa tena.

Na sauti ikija kutoka nyuma, utaijuaje ni ya nani? Shekha akajiwekea sharti: asiyemwona mdomo hamwitikii. Jirani alibisha hodi mpaka akachoka. Stambuli alipokuja mwisho wa mwezi alimwita toka mlangoni, kimya. Akaingia, akamkuta nyuma ya pazia ameshikilia ukuta.

"Mbona huitiki, mke wangu?"

"Sikusikia."

Alikuwa amekonda, leso inamzunguka na kubaki. Moyo ulimwenda mbio naye amekaa tu. Usingizi ulimruka, chakula kilimkwama kooni. Aliogopa, na si kufa kwenyewe alikokuogopa, bali kumwacha Batuli yatima. Kwa ajili ya Batuli alifumba mdomo.

Batuli naye akajifunza. Watoto hujifunza upesi kuliko tunavyopenda. Aliacha kuita. Akitaka kitu alikuja akasimama mbele ya mamake, akamvuta pindo la leso, ndipo akasema. Shekha aliona mtoto amezidi adabu, akafurahi.

Siku moja alingoja alasiri ipite ndipo aingie chumba cha ndani kuchukua ungo. Alimkuta Batuli amelala juu ya kitanda cha nyanyake, mwili unachoma kama kikaango, midomo imekauka.

"Batuli! Tangu lini unaumwa?"

"Tangu nilipotoka chuoni."

Chuoni alitoka kabla ya adhuhuri. "Mbona hukuniita, mwanangu?"

Mtoto akamtazama kwa mshangao, kama aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Wewe huitiki," akasema. Kisha macho yakageuka meupe, mwili ukaanza kumtetemeka wote.

Gari la samaki la jirani yao Seif liliwavusha daraja la Sabaki mpaka hospitali Malindi, Shekha amempakata mwanawe, anamwita jina njia nzima, na safari hii asiyeitika alikuwa Batuli. Ilikuwa malaria, imeshapanda kichwani. Walimtundikia maji, wakamchoma sindano. Siku mbili alilala vile. Ya tatu akafumbua macho, akaomba mkate wa sinia, na Shekha akalia kwa furaha hata haya hakuona.

Muuguzi wa wodi ile alikuwa Sista Mumbua, Mkamba, mwanamke wa Kiswahili cha haraka na viatu visivyotulia. Siku hiyo vilitulia mbele ya mama, si mbele ya mtoto.

"Mtoto ako sawa. Sasa wewe mama, uko na shida gani?"

"Sina, alhamdulillahi. Sijambo."

"Hujambo na hata uji humezi? Nimekuangalia tangu juzi. Sema."

Shekha akaitazama mikono yake. "Naitwa," akasema.

Sista Mumbua akachomoa kalamu. "Ndiyo. Unaitwa nani?"

"Si jina. Naitwa."

Sista akangoja, kalamu iko hewani.

"Naitwa na mamangu. Kila alasiri. Naye ameshakufa."

Kalamu ikarudi mfukoni. Sista Mumbua hakucheka, wala hakuruka nyuma. Alivuta kiti, akauliza: unalala? Moyo unaenda mbio? Nani alikuwa anakusaidia kuuguza? Akamvuta kope la chini, akasema damu imepungua sana. Maswali yale yalikuwa ya kawaida tu, lakini tangu mfungo mosi hakuna aliyemwuliza Shekha hata moja. Na habari ya mkeka ikamtoka, yote, na kilio juu yake, mpaka mama wa vitanda vingine wakageuza vichwa.

"Mama," Sista akasema, "majonzi yanaweza kugonjesha mtu kama vile malaria. Ukikosa kulala na ukibeba neno peke yako, masikio yanakuletea sauti. Sikudanganyi ati kesho itanyamaza. Utakunywa dawa ya damu, utakula, utalala, na kila wiki utakuja hapa tuongee."

"Na nikiitika?"

Sista Mumbua alifikiri. "Hata kwetu wanasema usiitike. Mambo ya wafu mimi sijui. Lakini huyu najua," akamwonyesha Batuli. "Huyu alikuwa karibu kufa kwa sababu aliona hakuna mtu wa kuitika."

Neno lile lilimchoma Shekha, na alirudi nalo Mambrui.

Somoe alikuwa amefagia nyumba na kufukiza udi. Batuli alilazwa chumba cha ndani, na Shekha akakaa jikoni kuchambua na kuosha mchicha. Adhana ikasomwa, ikaisha.

"Shekha!"

Mchicha ukamwanguka. Hakuweza kujidanganya kuwa ni mtoto. Batuli hajapata kumwita kwa jina. Maneno ya Somoe yakamjia yote, ukiitika ushakubali. Akauona mlango wa chumba. Akamwona Batuli amelala kule ndani, anasikiliza.

"Abee!" Aliitika kwa nguvu hata kuku wakatawanyika. "Abee, mama!"

Akasimama angojee kuchukuliwa. Kuni zililia motoni. Kuku wakarudi mmoja mmoja.

"Mama!" Hii ilikuwa sauti ndogo, dhaifu.

"Abee!" Akakimbia, mikono imejaa maji.

Batuli alikuwa amelala ubavu, shavu limezama katika mto wa nyanyake, anamtazama kwa jicho moja.

"Unataka nini, mwanangu? Maji?"

"Basi tu," Batuli akasema. "Nilitaka kujua upo."

Shekha akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nipo," akasema. Kisha akageuza uso ukutani, akasema tena, "Nipo, mama."