Mawingu Ndani ya Kioo

...na eti asimame wima, yeye, aliyesafisha vioo vya maghorofa miaka kumi na tisa akining'inia kama popo, leo anafungwa mkanda kifuani kama mtoto anayefunzwa kutembea, anasimamishwa juu ya kibao kinachotikisika, mbele yake skrini kubwa yenye picha ya ukuta wa matofali, na binti huyu wa mazoezi ya viungo, rika la kitinda mimba wake, ndiye atakayeandika kama anafaa kupanda tena au akae nyumbani kufukuza nzi... tazama picha, baba, usitazame miguu, anasema, kana kwamba miguu ndiyo iliyomwangusha, kilichomwangusha kinajulikana, ni shemeji yake, aliyekuwa juu ya paa akishika kamba ya jukwaa la kuoshea vioo, akailegeza, jukwaa likaenda kushoto, yeye akajitupa kulia ili asianguke, na kulia kulikuwa hewa tupu, mkanda hakufunga, nani hufunga mkanda ghorofa ya pili, nyonga ikavunjika, halafu mtu mzima na ndevu zake anasimama mbele ya msimamizi anaapa kwamba kamba hakuigusa, mwongo mkubwa, akafukuzwa kazi na alistahili, mkewe analia mwezi wa tatu huu, mume wangu, yule ni kaka yangu, na leo kamlazimisha kaka huyo huyo amsindikize, yuko nje kwenye benchi amemshikia gongo lake la kutembelea, hawajasemezana tangu nyumbani, na wasisemezane... kibao kinakwenda mbele, kinarudi nyuma, nyonga inauma lakini yu wima kama nguzo, aandike basi, anangoja nini, lo, kibao kimeruka kushoto, bila taarifa, amejitupa kulia, mkanda umemdaka makwapani, hasira zimempanda hadi utosini, hivi hapa mnapima watu au mnawatega, anafoka, mbona umekisukuma ghafla.

“Kibao nimeshakizima, baba,” anasema binti. “Nimesogeza picha tu, kwenda kulia.”

Uongo, amekisikia kwa nyayo zake mwenyewe, anataka kumwambia hivyo, lakini siku ile ya kuanguka alikuwa ametoka kukiosha kioo cha ghorofa ya pili, akarudi nyuma hatua moja kukisifu, hakuna fundi asiyefanya hivyo, na ndani ya kioo mawingu yalikuwa yakienda, yote, upande wa kulia... hasira bado anazo, zinatafuta pa kutua, kwa binti hazitui, kwa kibao hazitui, tuendelee, baba, anaulizwa, naye bado ananing'inia mkandani, anautazama mlango, na nyuma ya mlango yuko mtu ambaye yeye ndiye aliyemfukuzisha kazi, amekaa na gongo mapajani, anamngoja amrudishe nyumbani.