Wivu wa Dorothea kwa Bibi Lin

Kwa Bibi Lin, jirani Mchina wa Dorothea hapo Gaithersburg, mtoto hapewi chakula mpaka akiombe kwa Kichina. Hata vitukuu waliozaliwa Marekani huomba hivyo. Dorothea aliona wivu hadi akakosa usingizi, maana mjukuu wake Audrey, hata akisemeshwa Kiswahili, humjibu Kiingereza tu.

Jumamosi akakaanga maandazi, akainua sahani juu.

"Kitendawili!"

"Bibi, please!"

"Sema 'Tega', mjukuu wangu, ndipo ule."

Audrey akanuna, akatoka. Dorothea akamfuata na sahani yake mpaka kwa jirani, akamkuta Audrey mezani akiomba chakula kwa Kichina.

"Huyu kajifunza lini?" akauliza Dorothea.

"Njaa imemfundisha," Bibi Lin akacheka.

Dorothea akawageukia vitukuu wa mwenzake, akawanusisha maandazi.

"Haya, wanangu. Kitendawili!"