Kisigino cha Mama Nayape

Kazi yenyewe haikuhitaji akili nyingi, ndiyo maana Mama Nayape alishangaa ilivyomshinda Ezron. Unatembea kiwanja chote cha ndege, kuanzia mfereji ulio chini mpaka juu ya mteremko, kabla ndege haijaja. Kila baada ya hatua kumi unakita kisigino kwa nguvu zako zote, kisha unaingiza vidole kwenye shimo. Kikiingia kimoja, ndege itue. Vikiingia vitatu, ikae huko huko mjini. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, pekupeku, mpaka diwani alipompa Ezron, mtoto wa kaka yake Mama Nayape, redio ya kuongea na rubani, eti kwa kuwa ana viatu vya mvua na simu yenye kioo kikubwa.

Ezron hakutembea. Alikipima kiwanja kutoka barazani, akitafuna kokwa ya popoo. Kila ndege iliyotua ililetea duka lake mchele na samaki wa makopo, kwa hiyo kwake yeye kiwanja kilikuwa kikavu mwaka mzima, hata vyura wakiogelea humo. Mwezi uliopita ndege ilizama gurudumu, wanaume arobaini wakaivuta kwa kamba. Yeye akasimama pembeni akitoa maelekezo. Mwanamume mzima!

Asubuhi hii Rasu, binti wa pekee wa Mama Nayape, alikuwa amelazwa kwenye machela kando ya kiwanja, chini ya turubai. Uchungu wa kuzaa ulikuwa siku ya tatu, mtoto amekingama tumboni. Muuguzi alisema apasuliwe leo hospitali ya mjini, la sivyo watazikwa wote wawili. Na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mama Nayape alikuwa ameshakitembea kiwanja, maana nani mwingine angekitembea?

Ndege ikasikika juu ya mawingu, inazunguka.

"Kiwanja kikoje?" rubani, Kapteni Morea, aliuliza redioni.

"Kikavu, bosi!" Ezron alijibu. "Kigumu kama jiwe. Shuka tu."

"Umekitembea?"

"Chote, bosi."

Mama Nayape alivitazama viatu vya mvua vya Ezron. Havikuwa na tone la tope.

"Ezron, mwezi uliopita uliniambia hivyo hivyo," Kapteni alisema. " Ukungu unafunga bonde, na mimi sifi kwa maneno yako. Narudi."

Mama Nayape alimpiga kikumbo akanyakua kipaza sauti.

"Shangazi, ukimwambia ukweli hashuki!"

"Na kwa uongo wako ndio anaondoka, zuzu wewe! Husikii?"

Ukweli wenyewe ulikuwa mbaya, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani kusema uongo. Alijichukia kwa hilo, maana hakutaka kufanana na Ezron hata kwa ukucha.

"Kapteni, ni mimi, Mama Nayape. Kulia ni tope tupu, vidole vinne. Kushoto, kuanzia mfereji mpaka juu, kimoja, kimoja na nusu. Mawingu yako juu ya paa la kanisa, lakini yanashuka. Rasu wangu ndiye mgonjwa."

"Umepima lini, Mama?"

"Tope bado liko kwenye kucha."

"Basi, kushoto. Nakuja."

Ndege ikachomoza chini ya wingu, ikagusa majani upande wa kushoto, maji yakaruka. Mkia ukaanza kuserereka kwenda kulia. Mama Nayape alishika kichwa. Wewe! Wewe! Mkia ukarudi. Ndege ikapanda mteremko ikihema, ikasimama juu.

Walipokuwa wakimpakia Rasu, Ezron alifika mbio na toroli.

"Bosi, katoni zangu?"

"Ziko mjini," Kapteni Morea alisema, akifunga mkanda wa machela. "Nimekuja na ndege tupu, nisizame."

"Nani alikwambia kuna tope?"

"Wewe. Alfajiri, kabla sijaruka, ulinitangazia kiwanja ni kikavu, kama mwezi uliopita, nikashusha mzigo wote. Kilichobaki kilikuwa kujua tope liko upande gani, na hilo hukulijua."

Mama Nayape alicheka mpaka machozi yakamtoka, akapanda na miguu yake ya tope, akaketi upande wa kichwa cha Rasu. Kapteni alimgeukia kabla ya kuwasha.

"Kuruka nako ni upande ule ule, Mama?"

"Ule ule, mwanangu."